USALAMA KAZINI: WAJIBU WA PAMOJA SI LAWAMA YA PAMOJA

Katika mafunzo ya makada na katika mikutano ya wafanyakazi, husikika mara kwa mara usemi kwamba usalama mahali pa kazi ni wajibu wa kila mtu. Usemi huo ni wa kweli. Lakini ukweli usiofafanuliwa huweza kutumiwa na mnyonyaji kama unavyotumiwa na mnyonge. Mwenye kiwanda akiutamka, huenda ana maana kwamba mfanyakazi aliyekatwa vidole na mashine ajilaumu mwenyewe. Mfanyakazi akiutamka, ana maana kwamba naye awe na sauti katika kuamua mashine hiyo iendeshwe vipi. Maneno ni yale yale. Maslahi ni mbalimbali. Kazi ya nadharia ni kuonyesha maslahi yaliyojificha nyuma ya maneno.

Katika makala hii tunalichunguza swali hili kwa njia ya historia, kwa sababu sheria za usalama tulizo nazo hazikushushwa kutoka mbinguni. Zilitokana na mapambano, na zinabeba alama za mapambano hayo. Tunakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, ajali na magonjwa ya kazini yana chanzo katika namna uzalishaji ulivyopangwa. Pili, kugeuza umilikaji peke yake hakuondoi hatari. Tatu, wajibu wa pamoja una maana pale tu ambapo wajibu wa kila mmoja unalingana na uwezo alio nao.

1. CHIMBUKO LA SWALI

Ajali zilikuwapo kabla ya ubepari. Mvuvi alizama, mkwezi alianguka kutoka kwenye mnazi, mhunzi aliungua. Lakini watu hao walimiliki zana zao na waliamua wenyewe mwendo wa kazi yao. Mkwezi akiona mnazi umeoza, aliuacha. Kiwanda cha kibepari kiliondoa uwezo huo. Mfanyakazi aliikuta mashine si yake, mwendo wake umepangwa na mwingine, na saa za kuitumikia zimeamuliwa na mwingine. Kilichobaki kuwa chake ni mwili wake tu, na huo ndio ulioumia.

Uingereza ilikuwa ya kwanza kuingia katika mapinduzi ya viwanda, na ni huko ambako swali hili lilijitokeza kwa uwazi. Sheria ya kwanza ya viwanda ilipitishwa mwaka 1802, lakini haikuwa na wakaguzi wa kuisimamia, na kwa hiyo ilibaki karatasi. Mwaka 1833 Bunge liliweka wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Mwaka 1844 sheria nyingine iliwataka wenye viwanda wazungushie kinga sehemu za mashine zenye hatari. Je, wenye viwanda waliipokea vipi? Mwaka 1855 waliunda chama chao cha kupinga sheria hiyo, wakidai kwamba kinga hizo ni gharama isiyo na lazima. Ripoti za wakaguzi wa wakati huo, hasa za Leonard Horner, zilikuwa na ushahidi mzito hata Karl Marx alizitumia sana katika kitabu chake cha Das Kapital cha mwaka 1867.

Jambo la kujifunza hapa ni wazi. Kinga ya mashine ni kipande cha chuma cha bei ndogo ukilinganisha na faida ya kiwanda. Hata hivyo haikufungwa kwa hiari. Ilifungwa pale sheria, mkaguzi na shinikizo la wafanyakazi vilipokutana.

Wakati huo huo, mahakama zilibuni silaha ya kuwakinga waajiri. Mwaka 1837 iliamuliwa kesi ya mtumishi wa mwuza nyama aliyevunjika paja baada ya gari lililojazwa mzigo kupita kiasi kuharibika njiani. Alishtaki akashindwa. Kutokana na kesi hiyo lilikua fundisho kwamba mfanyakazi aliyeumia kwa kosa la mfanyakazi mwenzake hawezi kumdai tajiri wao, kwani alipokubali kazi alikubali pia hatari za kufanya kazi na wenzake. Katika kiwanda chenye watu mia tano, karibu kila ajali huweza kuhusishwa na kosa la mwenzake mmoja. Hivyo tajiri akawa nje ya lawama. Fundisho hili lilifutwa kabisa katika Uingereza mwaka 1948 tu, baada ya miaka zaidi ya mia moja. Hili lilikuwa umbo la kwanza la “wajibu wa pamoja”: wajibu uliogawanywa baina ya wafanyakazi peke yao, na faida ikabaki kwa mwenye mali.

2. NADHARIA YA MFANYAKAZI MZEMBE

Katika karne ya 20 fundisho hilo lilivaa koti la sayansi. Mwaka 1931 Herbert Heinrich, mtaalamu wa kampuni ya bima huko Marekani, alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba asilimia 88 ya ajali za kazini husababishwa na vitendo vya hatari vya watu, na asilimia 10 tu husababishwa na hali ya mashine na mazingira. Takwimu hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na ripoti zilizoandikwa na wasimamizi wa kazi. Tunawauliza wasomaji: msimamizi akiandika sababu ya ajali iliyotokea chini ya usimamizi wake, ataandika kwamba ni uzembe wa mfanyakazi au kwamba ni uzembe wake yeye? Hata hivyo hesabu hizo zilienea duniani kote na zilifundishwa kwa miongo mingi.

Hatusemi kwamba uzembe haupo. Upo. Wako wanaokuja kazini wamelewa, na wako wanaotupa miwani ya kujikinga kwa sababu inawaudhi. Lakini uchambuzi wa kimapinduzi hauishii kwenye tendo. Unauliza tendo limetoka wapi. Mfanyakazi anayelipwa kwa idadi ya vipande huondoa kinga ya mashine kwa sababu kinga inampunguzia vipande, na vipande ndivyo chakula cha watoto wake. Dereva husinzia kwa sababu ameendesha usiku kucha akiogopa kufutwa. Anayeona uzembe peke yake ameona moshi akadhani ndio moto.

Kosa hili la fikra halikuwa la mabepari peke yao. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka katika Muungano wa Kisovieti, nchi ambayo hapakuwa na bepari anayemiliki kinu. Ripoti ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka huo huo, iliyotegemea maelezo ya serikali ya nchi hiyo, iliwatwika lawama hasa waendesha mitambo. Mwaka 1992 wataalamu hao walitoa ripoti mpya iliyogeuza mkazo: kasoro kubwa zilikuwa katika usanifu wa kinu chenyewe na katika mfumo mzima wa kusimamia usalama, na waendeshaji hawakuwa wameelezwa hatari ya kinu walichokabidhiwa. Kwa hiyo pahala popote ambapo wanaojua hatari si wale wanaoikabili, na wanaoikabili hawana sauti, lawama hushuka chini kama maji.

3. UKOLONI: MWILI WA MTU KAMA NAMBA

Tugeukie nchi yetu. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai kutoka Florida. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Lindi yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Nguvukazi ya mashamba hayo ilitolewa mbali, na wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba aliyopewa. Jina hilo linatosha kuwa somo zima la siasa. Namba haina mapafu wala macho. Namba ikifutika huandikwa nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari katika kila hatua. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mkali unaoweza kutoboa jicho la mkataji. Korona, mashine inayochakata majani na kutoa singa, inanyonya jani kwa nguvu, na mkono ukifuata jani haurudi mzima. Katika chumba cha brashi vumbi la singa huelea hewani na kuingia kifuani mwa mfanyakazi mwaka hadi mwaka. Ajali ya korona ilionekana na wote. Vumbi la brashi lilifanya kazi yake kimya kimya, na mtu aliyekohoa alirudishwa kwao afie huko, nje ya vitabu vya kampuni.

Juu ya hayo kulikuwa na mfumo wa kipande. Kibarua alipewa kadi ya siku thelathini za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Maana yake ni kwamba aliyeumia asubuhi alikuwa na sababu ya kuficha jeraha lake hadi jioni. Na kama angeamua kukimbia kazi ya hatari, Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilihesabu kutoroka kazini kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya faini au kifungo. Hebu tupime mizani hiyo: haki ya kuikimbia hatari, ambayo hata mnyama wa porini anayo, ilikuwa kosa kwa Mwafrika.

Vijana wengine, hasa wa Rungwe na sehemu nyingine za Nyanda za Juu za Kusini, walichukuliwa na Wenela kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Huko vumbi la mawe lilileta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka ambao pia hufungua mlango kwa kifua kikuu. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya fidia kwa ugonjwa huo tangu mwaka 1911, lakini fidia ilitolewa kwa rangi: Mzungu alilipwa cha kumtunza, Mwafrika alilipwa kidogo au hakulipwa. Tarehe 21 Januari 1960 mgodi wa makaa wa Coalbrook uliporomoka na kuwafukia wachimbaji 435, karibu wote Waafrika. Tanganyika ilipopata Uhuru ilifunga mlango wa Wenela. Ilikuwa hatua ya kisiasa dhidi ya ubaguzi, lakini ilikuwa pia hatua ya kulinda afya za wananchi. Mapafu yaliyokwisha kuharibika, hata hivyo, yalibaki yameharibika. Ni mwaka 2019 tu ambapo mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 baina ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji wa zamani wenye silikosisi na kifua kikuu.

Ukoloni ulipokaribia mwisho ulitunga sheria za kupunguza makali. Baada ya migomo ya makuli, hasa mgomo mkubwa wa mwaka 1947 ulioanzia bandarini Dar es Salaam na kuenea sehemu nyingi za nchi, ilikuja sheria ya fidia kwa walioumia kazini, na mwaka 1950 ikatungwa Sheria ya Viwanda. Sheria hizo zilikuwa hatua mbele. Lakini sheria ya viwanda haikumgusa mkata mkonge shambani, na zote mbili zilimwona mfanyakazi kama mtu wa kulindwa au kulipwa, si mtu wa kuulizwa.

4. UHURU, AZIMIO NA MWONGOZO

Mabadiliko ya kweli yalianza pale mfanyakazi alipoanza kuulizwa. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilianzisha kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, yakiwemo mashamba makubwa ya mkonge. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971.

Mwongozo haukuwa hati ya usalama kazini. Lakini una mambo mawili yanayohusu suala letu moja kwa moja. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, ubadhirifu na uonevu. Kifungu cha 28 kilieleza kwamba maendeleo ni watu kuwa na uwezo zaidi wa kuongoza mambo yao wenyewe, hata kama kitendo kinachowapa uwezo huo hakiwaongezei afya wala chakula kwa wakati ule. Wapo waliodhani kwamba kifungu hiki kinaipuuza afya. Tunaona kinyume chake. Afya inayoletwa kama zawadi ya meneja huondoka na meneja; afya inayosimamiwa na wafanyakazi wenyewe ina mizizi.

Je, matumaini hayo yalitimia? Ukweli lazima usemwe. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi katika sehemu nyingi waligoma, na wengine waliwafungia milango mameneja, wakitaja Mwongozo. Mengi ya malalamiko yao hayakuwa juu ya mishahara bali juu ya matusi, dharau na kutosikilizwa. Mengine yalikuwa ya haki, mengine yalivuka mipaka, na baadhi ya wafanyakazi walifukuzwa. Kilichodhihirika ni kwamba mabaraza mengi yalikuwa ya kushauri, si ya kuamua. Meneja aliweza kuwasikiliza akaendelea na lake. Mashine ilikuwa mali ya umma, lakini mfanyakazi aliyesema kwamba kinga yake imevunjika alijibiwa kwamba lengo la mwezi halijafikiwa.

Hapo ndipo palipo na somo gumu zaidi kwetu. Umma ukimiliki kiwanda lakini mbinu za kuongoza zikabaki zile za mnyapara, mwiba wa mkonge unachoma vile vile. Na fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, vipuri vilikosekana, na vya kwanza kuachwa vilikuwa vile visivyoongeza uzalishaji: vifyonza vumbi, kinga, glavu. Viwango vya fidia vilivyowekwa kwa shilingi vilimezwa na kupanda kwa bei hadi vikawa karibu si kitu.

Tukumbuke pia kwamba kujitolea kwa kimapinduzi kuna gharama. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inasifiwa kwa haki. Lakini yako pia makaburi ya wataalamu wa Kichina pale Gongo la Mboto, na wapo Waafrika waliokufa katika kazi hiyo hiyo. Heshima ya kweli kwa mashujaa hao ni kuhakikisha kwamba ujenzi wa leo hauhesabu vifo kuwa sehemu ya kawaida ya kazi.

5. SHERIA MPYA, HALI MPYA

Katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa. Mwaka 2001 ulianzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na mwaka 2003 ilipitishwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi iliyoifuta ile ya mwaka 1950. Sheria hii inavuka milango ya kiwanda na kuingia sehemu za kazi za aina mbalimbali. Inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi, apime afya za wafanyakazi na kuondoa hatari; inamtaka mfanyakazi ajilinde, asihatarishe wenzake na atoe taarifa ya hatari; na inaweka wawakilishi na kamati za usalama na afya. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao michango yake hutolewa na mwajiri peke yake. Huu ndio mgawanyo sahihi: uangalifu ni wa wote, gharama ni ya yule mwenye mamlaka juu ya mashine.

Msimamo huo umo pia katika sheria ya kimataifa. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unataka ushirikiano wa mwajiri na wafanyakazi, lakini unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, na unamlinda anayejiondoa mahali penye hatari kubwa ya karibu. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi.

Kwa nini haki ya kujiondoa ni muhimu? Jibu liko Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya juu waliamriwa warudi kazini siku iliyofuata, na wengi walitishiwa kukatwa mshahara. Jengo liliporomoka likaua watu zaidi ya 1,100. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wafanyakazi wale waliuona ufa. Hawakuwa na chama chenye nguvu cha kuwawezesha kukataa. Wangeambiwaje kwamba usalama ulikuwa wajibu wao pia?

Hapa nyumbani, mwaka 1998 na tena mwaka 2008, maji ya mvua yaliingia katika mashimo ya tanzanite huko Mererani na kuua makumi ya wachimbaji. Wengi wa vijana hao hawakuwa na mkataba wala mshahara. Walingoja mgao siku jiwe litakapopatikana. Hali kama hiyo inawahusu pia kibarua wa ujenzi anayeajiriwa asubuhi na kuachwa jioni, mwendesha bodaboda na mpiga dawa katika shamba la mtu. Kila mmoja wao hubeba hatari yote na huitwa mtu aliyejiajiri. Fundisho lile la mwaka 1837 limerudi kwa jina jipya.

6. KAZI ZETU

Kutokana na historia hii tunatoa mambo ya kuzingatiwa na makada na wanafunzi.

(a) Wajibu ufuate uwezo. Anayenunua mashine, anayepanga zamu na anayeweka lengo ndiye mwenye wajibu wa kwanza. Mfanyakazi ana wajibu kwa kiasi cha mafunzo, vifaa na mamlaka aliyopewa. Kudai zaidi ni uonevu. Kudai pungufu ni kumdharau.

(b) Uchunguzi wa ajali usiishie kwa mtu wa mwisho kugusa mashine. Uulize nani aliagiza, nani alionywa, na onyo liliishia kwenye meza ya nani.

(c) Magonjwa ya polepole yapewe uzito sawa na ajali. Vumbi, kelele na sumu haviiti gari la wagonjwa, lakini vinaua.

(d) Mwakilishi wa usalama achaguliwe na wafanyakazi wenyewe na alindwe anaposema. Mwakilishi aliyeteuliwa na meneja ili amridhishe meneja ni pambo la ukuta.

(e) Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, matawi ya Chama hayamo tena sehemu za kazi. Kwa hiyo kada aliye mfanyakazi hufanya kazi hii kupitia chama cha wafanyakazi na kamati ya usalama. Asingoje maagizo: aisome sheria ya mwaka 2003 na awasomee wenzake kwa lugha wanayoielewa.

(f) Nidhamu ya kazi ni jambo la kimapinduzi. Mfanyakazi anayetupa kofia ya kujikinga au kuja kazini amelewa hamkomoi tajiri; anamwongezea hoja. Anayetaka haki ya kukataa hatari awe wa kwanza kutoitengeneza.

Utajiri wa nchi hutoka katika mikono ya watu wake. Mkoloni aliihesabu mikono hiyo kwa namba na kuitupa ilipokatika. Wajibu wa kuilinda ni wa wote, lakini hautimizwi kwa kubandika tangazo mlangoni. Utatimizwa siku ambayo mfanyakazi anayeuona ufa ataweza kusema, atasikilizwa, na kesho yake atarudi kazini bila kuadhibiwa.